Mvinyo wa Uingereza mezani: chupa zinazostahili bei yake, na chakula chake

Mvinyo wa kusini mwa Uingereza ukinywewa mtupu, bila chochote cha kutafuna, huwashtua wengi. Mate hujaa chini ya ulimi, taya hukaza, na mnywaji huuliza kama chupa imeharibika. Haijaharibika. Uchachu ndio unaouzwa hapo. Ukiununua mvinyo huu kama unavyonunua ndimu, yaani ukijua kabisa itakwenda kukamuliwa juu ya nini, pesa yako haitapotea. Ukiununua ukitarajia mvinyo wa Afrika Kusini au Australia, wa jua kali na alkoholi ya asilimia 14, utalipa karibu mara mbili halafu unung'unike.

Sababu ni mahali. Mashamba mengi ya mizabibu yako Kent, Sussex, Hampshire, Surrey na Essex, jirani na latitudo 51 kaskazini, ambako kiangazi ni kifupi na jua ni la upole. Zabibu inayoiva kwenye joto huteketeza asidi yake ya maliki, ile ile inayofanya tufaha bichi litie ganzi meno. Kwenye baridi asidi hiyo hubaki. Wavunaji wakiingia shambani mwishoni mwa Septemba au Oktoba, sukari ni ya kiasi tu na asidi ya juisi ni gramu 9 hadi 12 kwa lita, pengine zaidi. Dodoma mkulima huvuna mara mbili kwa mwaka na hupigana na joto. Mwenzake wa Kent huvuna mara moja, na usiku mmoja wa sakitu, yaani umande ulioganda kwa baridi, mwezi Aprili au Mei unaweza kumuunguzia machipukizi ya shamba zima. Ndiyo maana katika miezi hiyo huonekana ndoo za nta zikiwaka usiku kucha kati ya mistari ya mizabibu. Sakitu ya Aprili 2017 iliwaumiza wengi. Mwaka 2012 mvua na baridi vilizidi hadi Nyetimber, kampuni ya mvinyo ya Sussex, ikaamua kutotoa mvinyo wowote wa mavuno ya mwaka huo.

Hapo ndipo bei inapotoka. Hekta moja ya huko hutoa zabibu chache sana kuliko hekta ya Champagne kule Ufaransa, vibarua ni ghali, na chupa ya povu hulala ghalani miaka miwili, mitatu au zaidi kabla ya kuuzwa. Kwa hiyo usitafute rahisi. Bacchus nzuri, mvinyo mweupe usio na povu, huwa kati ya pauni 13 na 20. Mvinyo wa povu unaoanzia pauni 20 kwenye lebo za maduka makubwa hufika pauni 25 hadi 35 kwa majina ya kati na 35 hadi 50 kwa majina makubwa. Yanayopanda juu ya hapo ni ya sherehe na ya majivuno, ingawa mengine ni mazuri kweli.

Kabla ya kulipa, soma lebo kwa makini. "English wine" maana yake ni zabibu zilizokuzwa Uingereza. "British wine" ni kitu kingine kabisa: juisi nzito ya zabibu iliyoagizwa kutoka nje, ikaongezwa maji na kuchachushiwa Uingereza. Chupa hizo huwa za bei ya chini mno na mara nyingi hukaa rafu moja na sheri za kupikia. Maneno mawili yanafanana, na watu wanaangukia humo kila siku.

Povu ndipo walipo na uwezo

Kama una pesa ya chupa moja tu, nunua ya povu. Uchachu ulio kasoro kwenye mvinyo wa kawaida ni sifa kwenye mvinyo wa povu, kwa sababu mtengenezaji wa povu hataki zabibu zilizoiva hadi kutoa asali. Anataka mvinyo wa msingi mwepesi wa asilimia 10 hadi 10.5, mkali wa asidi. Anauweka kwenye chupa pamoja na hamira na sukari kama gramu 24 kwa lita, anaufunga kwa kizibo cha bati kama cha soda, na uchachushaji wa pili unafanyika humo humo. Alkoholi hupanda kwa asilimia 1 na kidogo, na gesi inayokosa pa kutokea hufikia shinikizo la angahewa 6 hivi, zaidi ya mara mbili ya gurudumu la gari dogo.

Hamira ikishamaliza kazi hufa na kuwa mashapo, na mvinyo hulala juu yake. Ladha ya ganda la mkate, biskuti na karanga zilizokaangwa hutoka huko, na haiji kwa miezi michache. Baadaye chupa huinamishwa na kuzungushwa kidogo kidogo hadi mashapo yote yashuke shingoni, shingo inagandishwa, kizibo kinafunguliwa, donge la barafu linaruka na mashapo yake. Nafasi iliyobaki hujazwa mvinyo wenye sukari kidogo. Sukari hiyo ya mwisho ndiyo inayoamua kama chupa itaitwa Brut (chini ya gramu 12 kwa lita) au Demi-Sec (gramu 32 hadi 50). Waingereza wengi huweka gramu 6 hadi 9, na mtu huhisi ni kavu kabisa kwa sababu asidi inaimeza sukari yote.

Jambo hili lina historia ya kuchekesha kidogo. Mwaka 1662 Christopher Merret aliwasomea wenzake wa Royal Society, chama cha wanasayansi jijini London, maelezo ya wafanyabiashara wa mvinyo waliokuwa wakitia sukari ili uchangamke na kutoa povu. Ni miaka mingi kabla Champagne haijawa jina la povu. Waingereza hawaachi kukumbusha.

Zabibu ni zile zile tatu za Champagne. Chardonnay huleta mstari mrefu wa asidi, tufaha la kijani na ganda la ndimu, na ndiyo inayozeeka vizuri kuliko zote. Pinot Noir huleta mwili na tunda jekundu. Meunier huchipua baadaye kidogo kuliko wenzake hao, hivyo hukwepa baadhi ya sakitu, na hutoa mvinyo wa tunda la wazi unaonyweka mapema. Lebo ikisema Blanc de Blancs, ni zabibu nyeupe peke yake. Blanc de Noirs ni zabibu nyeusi zilizokamuliwa upesi kabla ganda halijatoa rangi.

Sasa majina. Nyetimber, West Chiltington, ndiyo iliyowafanya watu waache kucheka. Wamarekani Stuart na Sandy Moss walipanda mizabibu hiyo ya Champagne mwaka 1988 wakati majirani walikuwa bado na zabibu za Kijerumani, na chupa yao ya kwanza ilikuwa Blanc de Blancs ya mavuno ya 1992. Mtengenezaji wao, Cherie Spriggs, mwaka 2018 alikuwa mtu wa kwanza kutoka nje ya Champagne kutajwa mtengenezaji bora wa mvinyo wa povu katika mashindano ya International Wine Challenge. Classic Cuvée yao ni mchanganyiko wa mavuno ya miaka kadhaa, na hiyo ndiyo faida yake: mwaka mbaya hauonekani. Ina mkate uliookwa, tufaha lililopikwa na asidi inayokuja mwishoni kama kisu safi. Kwa chupa ya kumpelekea mtu asiyeamini, naanza na hiyo.

Ridgeview ya Ditchling, iliyoanzishwa mwaka 1995, ni ya mfuko wa kawaida zaidi. Bloomsbury yao imeegemea Chardonnay, ina tunda la wazi kuliko mkate, na inafaa zaidi kwa karamu ya watu wengi kuliko kwa kukaa na kuichambua. Usiidharau, lakini: mwaka 2010 Blanc de Blancs yao ya 2006 ilichukua tuzo ya juu ya mvinyo wa povu kwenye mashindano ya jarida la Decanter, mbele ya Champagne zenye majina mazito.

Gusbourne ya Appledore, Kent, haiko juu ya udongo wa chaki bali mfinyanzi na mchanga, na inaonekana kwenye glasi. Mivinyo ya chaki, kama ya Hambledon kule Hampshire, huwa myembamba, iliyonyooka, yenye ladha kama ya chumvi. Ya mfinyanzi huwa na mwili mpana zaidi, tunda limeiva kidogo. Blanc de Blancs ya Gusbourne ndiyo chupa ningeitoa mbele ya kuku wa kuokwa wa siagi. Hambledon ningeiweka mbele ya chaza. Shamba hilo la Hambledon, kwa wanaopenda asili ya mambo, lilipandwa na Meja Jenerali Sir Guy Salisbury-Jones kuanzia mwaka 1951, na ndiko biashara ya mvinyo ya Uingereza ya leo ilikoanzia.

Hata Wafaransa wamevuka bahari. Taittinger ilinunua ardhi karibu na Chilham, Kent, mwaka 2015, ikapanda mwaka 2017, na Domaine Evremond ikatoa chupa yake ya kwanza mwaka 2025. Mizabibu bado michanga. Ni mvinyo safi uliotengenezwa kwa mkono wa mtu anayejua kazi, ila kina kitakuja na umri wa shamba.

Chupa za povu zinazoandikwa Charmat, ambazo uchachushaji wake wa pili ulifanyika kwenye tangi badala ya chupa, ni nafuu, zina viputo vikubwa na harufu ya matunda tu. Kwa pikiniki zinatosha. Usizilipie bei ya wakubwa.

Bacchus, na nduguze

Bacchus ni zabibu ya Kijerumani iliyozalishwa mwaka 1933 kwa kuchanganya Silvaner na Riesling, kisha mtoto wao na Müller-Thurgau. Kwao Ujerumani haina heshima kubwa, kwa sababu kwenye joto hupoteza asidi na kuwa kama maji ya maua. Uingereza baridi inaishikilia. Imekuwa mvinyo mweupe wa kawaida unaoeleweka upesi kuliko yote ya huko, na ndio wa kuanzia kwa mtu anayependa Sauvignon Blanc.

Ipoze hadi nyuzi 8 au 10, mimina robo ya glasi, usiitikise bado. Harufu ya kwanza ni jani la mnyanya lililosuguliwa vidoleni, na nyasi zilizokatwa sasa hivi. Itikise: linakuja ua jeupe la elda, ambalo Waingereza hutengenezea sharubati, halafu ganda la balungi, na katika mwaka wa jua, pera na karakara. Mdomoni ni kavu, ya asilimia 11 au 12, haina uzito, na inaisha haraka. Kuisha haraka ndiyo kasoro yake ya kweli. Kasoro ya pili inatokana na mavuno: ikichumwa mapema mno, lile jani la mnyanya hugeuka mkojo wa paka, ikichelewa, harufu inalegea na kuwa pipi. Inyweke ndani ya miaka miwili ya mavuno. Chupa ya miaka minne iliyopunguzwa bei dukani si bahati, iache.

Bacchus ya Chapel Down, Tenterden, hupatikana madukani mengi na ni kipimo kizuri cha kulinganishia nyingine. Camel Valley kule Cornwall wana Bacchus ya Darnibole, shamba moja dogo lililopewa ulinzi wake wa jina mwaka 2017. Hiyo ni ghali zaidi, nyembamba na kama ina jiwe lililolowa ndani yake. Harufu yake ni ya chini, urefu wake mdomoni ni mkubwa. Anayetaka maua atasikitika.

Ortega ina harufu ya pichi na mwili wa mafuta kidogo, huiva mapema, na hufaa zaidi kwa chakula cha viungo kuliko Bacchus. Solaris, iliyozalishwa Freiburg mwaka 1975, hustahimili kuvu, hivyo mkulima hupiga dawa chache. Hukusanya sukari nyingi haraka, na isipochunguzwa hutoa mvinyo wenye alkoholi kubwa na ladha ya ndizi mbivu. Seyval Blanc ni zabibu chotara ya Kifaransa ambayo wengi waliing'oa walipofuata mtindo wa Champagne. Breaky Bottom, bonde dogo la Sussex lenye mizabibu tangu miaka ya 1970, waliibakiza, na povu lake la Seyval ni uthibitisho kwamba zabibu isiyo na jina inaweza kutoa mvinyo wenye jina: mkavu, wa tufaha na nyasi kavu, unaozeeka taratibu. Surrey Gold ya Denbies, karibu na Dorking, inachanganya zabibu za asili ya Kijerumani na ina utamu kidogo. Wajuzi wanaipita bila kuitazama. Wanakosea, nitaeleza kwenye pilipili.

Chardonnay isiyo na povu na Pinot Noir nyekundu ni habari ya Essex, bonde la Crouch, ambako mvua ni kidogo na udongo ni mfinyanzi mzito. Danbury Ridge wa huko hutoa zote mbili zikiwa zimeiva kweli, Chardonnay yenye ladha ya pipa la mwaloni na Pinot Noir ya cheri na majani makavu. Bei yake ni pauni thelathini na zaidi. Nje ya Essex nyekundu ni kamari. Pinot Noir ikikosa kuiva hutoa rangi ya sharubati na ukakasi wa ganda la korosho bichi, na mapipa hayawezi kuificha. Angalia mwaka: 2018, 2020 na 2022 ilikuwa na jua, 2021 na 2024 iache kwa nyekundu. Pinot Noir Précoce huiva wiki mbili mapema na ni salama zaidi. Rondo na Regent zina rangi nzito na harufu ya beri za porini, lakini mdomoni hakuna kinachofuata.

Chakula

Kanuni moja inabeba karibu yote: mafuta na chumvi ndiyo marafiki wa mvinyo huu. Asidi hukata mafuta, viputo husugua ulimi, chumvi hupunguza ukali wa asidi na tunda hujitokeza. Ndiyo maana samaki na chipsi, chakula cha kufungwa kwenye karatasi, kinapendeza na Brut ya pauni 30 kuliko sahani nyingi za hoteli. Sharti moja: usimwage siki ya kimea. Siki ina asidi kali kuliko mvinyo, na ukimeza mvinyo baada yake unakuwa bapa kama maji. Tumia ndimu, na chumvi kwa ukarimu.

Chaza wabichi, wa Whitstable kwa mfano, wanataka povu la Chardonnay lenye sukari ndogo kabisa. Kaa wa Cromer wana nyama mbili kwenye gamba moja: nyeupe ni tamu na laini, inakwenda na Bacchus, ya kahawia ina mafuta na nguvu, inaitaka Chardonnay ya pipa au povu lililokaa sana juu ya mashapo. Ukizichanganya na mayonezi, chagua povu hilo. Samoni wa moshi ana mafuta na moshi pamoja. Povu la waridi (rosé) la Pinot Noir linammudu kuliko nyeupe.

Asparaga, mboga ya machipukizi ya kijani, ni mtihani ambao mivinyo mingi inashindwa, kwa sababu ina salfa inayofanya mvinyo uwe na ladha ya chuma. Bacchus, kwa kuwa nayo ina ukijani wake, inapita. Msimu ni mfupi, kwa desturi kuanzia 23 Aprili hadi karibu 21 Juni. Chemsha dakika tatu tu, weka siagi na chumvi, si mchuzi wa siki.

Jibini mbichi ya mbuzi na Bacchus ni ndoa isiyo na ugomvi. Tunworth ya Hampshire, jibini laini yenye harufu ya kabichi na uyoga, inataka povu. Cheddar iliyokomaa inaupiga Bacchus chini. Ipe Blanc de Noirs. Stilton, jibini ya buluu, usiisumbue na chochote kikavu.

Kwa jikoni za Waswahili walioko Uingereza, mambo yako hivi. Sambusa, bajia na kachori ni mafuta na chumvi, kwa hiyo Brut yoyote inatosha, na ndimu mliyozoea kukamua iwe kidogo tu, kwa sababu glasi inafanya kazi hiyo. Chatini ya ukwaju haileti shida, chachu kwa chachu zinaelewana. Samaki wa kupaka ni mgumu zaidi: tui zito lina utamu wake, na Brut kavu mbele yake inaonekana siki. Hapo chukua Chardonnay ya mwaloni, au Ortega. Pilipili nayo ina sheria yake. Alkoholi na gesi huongeza moto mdomoni, sukari huuzima. Anayekula mchuzi wa pilipili na povu kavu anajichoma mara mbili. Ndipo Surrey Gold iliyopozwa vizuri, yenye utamu kidogo na alkoholi ndogo, inapowashinda wakubwa wote waliotajwa juu. Pilau, kwa mdalasini na bizari yake, inapenda povu la waridi. Kachumbari iwe haina siki. Mishkaki iliyoungua pembeni ndiyo nafasi pekee ambayo Pinot Noir ya Essex, kwenye nyuzi 14 hadi 16, naipigia debe bila kusita.

Kosa kubwa kuliko yote liko harusini: kukata keki ya sukari na kugonga glasi za Brut. Mvinyo ukiwa mkavu kuliko kilichoko mdomoni hugeuka mchungu na mchachu papo hapo, hata ukiwa wa pauni 60. Toa Brut wakati wa vitafunio vya chumvi, na wakati wa keki toa Demi-Sec. Cuvée Chérie ya Nyetimber ilitengenezwa kwa ajili hiyo hasa. Kwa kaimati za shira hata hiyo haifui dafu, leteni chai.

Kufungua, na yanayoharibika

Chupa ya povu ipoze saa tatu au nne kwenye friji, au dakika 25 kwenye ndoo ya barafu, maji na konzi ya chumvi. Barafu peke yake haigusi chupa vizuri, maji ndiyo yanayobeba ubaridi. Fungua waya kwa nusu mizunguko sita, kidole gumba kikiwa juu ya kizibo wakati wote. Inamisha chupa, shika kizibo imara, kisha zungusha chupa, si kizibo. Kikianza kutoka kizuie. Sauti inayotakiwa ni pumzi. Kishindo ni gesi uliyoilipia ikiondoka. Kama povu linaruka, chupa ilikuwa ya joto au imetikiswa. Tumia glasi ya kawaida ya mvinyo mweupe inayofinyika mdomoni. Zile nyembamba ndefu zinapendeza kwenye picha na kuua harufu.

Ukiona chembe kama sukari ya mawe chini ya Bacchus, usirudishe. Ni chumvi ya asidi ya tatariki iliyojitenga kwa baridi, na mivinyo michachu huifanya zaidi. Haina madhara, mimina taratibu. Harufu ya kiberiti au yai viza mara nyingi huondoka ukitikisa glasi dakika mbili. Isipoondoka, au ukinusa gunia lililolowa na kukauka vibaya, kizibo kimeuharibu mvinyo, rudisha na mvinyo wote ukiwemo. Harufu ya kabichi iliyochemshwa kwenye mvinyo wa waridi wa chupa angavu ni kazi ya taa za rafu: mwanga huharibu mvinyo kwenye kioo kisicho na rangi ndani ya siku chache tu. Chukua ile iliyoko ndani ya boksi, au nyuma kabisa ya rafu.

Watengenezaji makini huandika nyuma ya lebo tarehe ambayo mashapo yalitolewa. Chupa iliyotolewa mwezi uliopita ladha zake bado hazijaungana. Ipe miezi mitatu hadi sita mahali penye giza, isiwe juu ya friji ambako kuna joto la injini. Iliyopita miaka mitatu au minne tangu tarehe hiyo huanza kupoteza uchangamfu, isipokuwa Blanc de Blancs za majina makubwa.

Chupa moja hutoa glasi sita za mililita 125. Ikibaki nusu, ifunge kwa kizibo maalumu cha kubana, kile chenye mikono miwili kinachopatikana kwa pauni chache, na itakaa siku mbili au tatu kwenye friji. Kijiko cha chai kinachoning'inizwa shingoni hakizuii chochote. Ikiisha gesi, ndiyo ya kupikia kome: kitunguu, kitunguu saumu, siagi, glasi moja ya mvinyo, funika dakika nne, na wale ambao hawakufunguka watupe.